Basi la shule darasani: mlango tuuweke upande gani?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)
Walimu wenzangu, salamu. Nina watoto 38 wa chekechea, wenye miaka 4 na 5, na ningependa wiki hii tucheze basi la shule. Wengi huja kwa miguu na basi huliona likipita tu. Nina katoni chache, viti na chaki. Nifanyeje ili mchezo usiishie kwenye kelele za honi?

Mama Mwalimu (Ruashi)
Mwenzangu, katoni ziache kwanza. Chora basi kubwa sakafuni kwa chaki, upange viti vinane, viwili viwili, na njia katikati. Kila tiketi iwe na nukta, kuanzia moja hadi nane, na kila kiti kiwe na nukta zake, ili mtoto apate mahali pake kwa kuhesabu. Kituo cha kwanza washuke wawili, uulize wamebaki wangapi; cha pili apande mmoja. Hivyo hujumlisha na kutoa kabla hawajaziona alama ubaoni. Wanaosubiri wawe abiria wa vituo vinavyofuata. Honi usiikataze: dereva apige mara moja kila kituo, basi.

Dereva mstaafu (Kampemba)
Naomba niongeze juu ya mlango, maana niliwahi kuendesha basi la wanafunzi. Picha za vitabu vya Kenya na Tanzania huuonyesha kushoto, kwa kuwa huko magari hupita kushoto, kama Zambia ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa. Sisi hapa Kongo tunapita kulia, kwa hiyo uchore kulia, upande wa ukingo wa barabara. Lakini watoto wajue pia kwamba mabasi madogo mengi yaliyoletwa kwetu yakiwa yametumika yana usukani kulia na mlango kushoto, hivyo anayeshuka hukanyaga katikati ya barabara. Katika mabasi hayo mtu mzima ndiye atangulie kushuka. Katoni zako sasa zina kazi: zisimamishe mbele ya kiti cha dereva, mtoto mmoja achuchumae nyuma ya katoni hizo, na dereva aseme kama anamwona. Kisha yule aliyejificha arudi nyuma hatua moja moja mpaka waonane usoni.

Mwalimu wa Bukavu
Kuhusu rangi ya basi la shule, Marekani walikubaliana juu ya manjano mwaka 1939, kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka vizuri hata alfajiri. Sisi tulibandika karatasi za rangi ukutani, tukafunga madirisha ili kuwe na giza kidogo, watoto wakataja walizoziona kwanza.

Mwalimu wa Katuba
Asanteni sana. Leo tumeanza na katoni za Baba Dereva. Mtoto aliyekalia usukani aliapa kwamba mbele hakuna mtu, na mwenzake alipoinuka, darasa zima likanyamaza. Kesho ni zamu ya tiketi.