Filta ya tangi jipya la samaki: inafungwa wapi, inawashwa lini, na usiku izimwe?

MtuWaChuno
Wakuu salama? Nipo Mtwara mjini huku Chuno. Fundi wa aluminiamu kanitengenezea tangi la kioo, urefu sm 60, upana 30, kimo 40, halafu filta nikaagiza Kariakoo ikaja na basi. Ni ile ya kuzama ndani ya maji, imeandikwa 600 L/H na wati 8, ndani ina sponji moja la bluu, kimfuko cha mkaa, na kamrija kembamba ambako sijajua kanaenda wapi maana karatasi ya maelezo ni Kichina mwanzo mwisho.

Sasa naomba mwongozo. Inafungwa juu au chini? Izame yote au kichwa kibaki nje? Naiwasha hata kama samaki hawajafika? Na usiku je, maana mama watoto anasema tukilala tuzime, LUKU yenyewe ndo hii tunayoijua na tena inaunguruma hadi chumbani. Binti anataka godifishi watatu, kuna jamaa anatoka Dar Jumamosi atanibebea. Chini nataka nimwage mchanga wa ufukweni pale Shangani na matumbawe mawili matatu yapendezeshe. Maji ni ya bomba. Natanguliza shukrani.

KambaleLigula
Karibu kwenye chama mkuu. Umeuliza kabla ya kuweka samaki, hapo umeokoa hela na roho za watu.

Filta inazama yote. Ibandike kona ya nyuma kwa vile viraba vya kunatia kwenye kioo, ila paka maji kwanza kwenye kioo ndo vinashika. Sehemu inayovuta iwe chini lakini isiguse mchanga, na mdomo unaotema uwe sentimita mbili hivi chini ya uso wa maji ili juu pawe panachezacheza, pale ndipo hewa inapoingilia. Hako kamrija upande mmoja kachomeke kwenye kitundu kadogo pembeni ya mdomo wa kutema, upande wa pili kaachie juu ya maji, filta ikitema inavuta hewa yenyewe na utaona vipovu. Kusipotoka vipovu umezamisha sana.

Tangi lako ni lita 72 ukijaza hadi ukingoni, ila hakuna anayejaza hivyo, ukiishia kimo cha 35 ni lita 63. Kawaida filta inatakiwa izungushe maji ya tangi mara 4 mpaka 6 kwa saa. Yako ya 600 ni kama mara 9, ina nguvu kidogo, japo hizo namba za kwenye boksi ni za filta mpya isiyo na uchafu. Geuza mdomo upige kioo, usielekeze katikati, samaki watachoka kuogelea.

Kuzima usiku HAPANA. Kaa na mama watoto mpige hesabu, wati 8 saa 24 kwa siku 30 ni unit 5.76, haifiki hata sita kwa mwezi mzima. Na tatizo sio uchafu kubaki ndani ya maji. Kinachosafisha maji sio ile mashine, ni bakteria wanaoota kwenye sponji. Samaki anatoa amonia, inamuua mwenyewe, bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Hawa wadudu wanahitaji maji yenye hewa yapite kwao muda wote, ukizima kila usiku unawakaba, asubuhi unawasha unamwagia samaki maji yaliyovunda ndani ya filta.

Na ndo maana ya swali lako la tatu: ndio, iwashe leo, samaki waje baadaye. Tangi jipya halina hao bakteria, wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujaa, huku kwetu joto linasaidia wanaenda mbio kidogo. Huyo jamaa wa Jumamosi mwambie asubiri.

mzee_wa_korosho
Vijana mnapenda kujitesa. Mimi nina perege kwenye bwawa Masasi, sijawahi kufunga filta wala kusubiri mwezi, unatia maji unatia samaki wanakula wanakua. Weka samaki tu kijana.

KambaleLigula
Mzee wangu shikamoo. Bwawa lako lina tope, lina mwani, lina maelfu ya lita na jua juu yake, hao bakteria wapo tele mle. Yeye ana lita 63 na kioo kinachonukia dukani. Sio kitu kimoja.

BiMtanda
Kambale kamaliza ila amesahau umeme. Mimi nipo Lindi mjini na nyie wa Mtwara mnalijua hili vizuri tu, umeme unakatika saa nne asubuhi unarudi usiku, filta yako imesimama tuli na humo ndani hewa inaisha. Kaka yangu nakushauri hiyo filta ya wati 8 ibaki hapohapo lakini ongeza na pampu ndogo ya hewa ya USB, zile zinazotumia pawabanki, pamoja na filta ya sponji ya kawaida, lile sponji lenye bomba katikati linalosukumwa na hewa, bei yake ndogo na haina cha kuungua. Umeme ukikatika unachomeka kwenye pawabanki, sponji linaendelea, samaki wanapumua. Pampu ya hewa iweke juu kuliko maji ya tangi au weka kile kivalvu cha kuzuia maji yasirudi kwenye mpira, la sivyo ikizima maji yanatambaa kwa mpira mpaka kwenye pampu na sakafuni.

Jingine, umeme ukikaa muda mrefu, tuseme toka asubuhi mpaka usiku, usikimbilie kuwasha ile ya umeme. Itoe, kamua sponji kwenye ndoo, ndo uirudishe. Na usiwalishe samaki umeme ukiwa haupo, chakula kinaoza na hakuna wa kukishughulikia.

Waya wa filta nao uning'inie ushuke chini ya soketi kabla haujapanda kuchomekwa, maji yakiteleza yadondokee sakafuni yasiingie kwenye soketi. Na kabla ya kutia mkono ndani ya maji chomoa kwanza. Mtoto mfundishe hilo kabla hujamfundisha kulisha.

MtuWaChuno
Aisee ahsanteni sana, dada BiMtanda hilo la pampu kuwekwa juu nisingelijua. Nimeifunga jana jioni, imezama, vipovu vinatoka, ila inaunguruma balaa halafu inakohoa kohoa. Na matumbawe hamjanijibu. Na sponji linaoshwa kila baada ya muda gani?

KambaleLigula
Kuunguruma ni hewa imenasa ndani. Chomoa umeme kwanza, iinamishe taratibu kushoto kulia humo humo ndani ya maji, utaona povu kubwa linatoka puu, ukiwasha kelele inapungua. Isipopungua chomoa tena, fungua kile kikofia, toa kile kisumaku chenye mapanga, kisuuze, angalia kama hakuna punje ya mchanga. Na isikauke hata dakika, ukibadilisha maji izime kwanza, inaungua hiyo.

Sponji oshwa pale tu mtemo unapopungua nguvu. Na HULIOSHI kwenye bomba, maji ya bomba yana klorini na klorini kazi yake ni kuua bakteria, utakuwa unarudi mwanzo. Chota ndoo ya maji ya tangi lenyewe wakati wa kubadilisha, likamue humo mara mbili tatu, liwe bado lina urojo wa kahawia kidogo, rudisha. Likitoka safi kama jipya umeharibu. Kimfuko cha mkaa unaweza kukitoa, unaisha nguvu baada ya wiki chache, nafasi yake weka kipande kingine cha sponji au vijiwe vya seramiki. Mkaa wa jikoni sio huo, usijaribu.

Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima ndo uyamimine, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Wenye kisima hawana shida ya klorini ila karibu na bahari huku visima vingi vina chumvichumvi, kiangalie kabla.

BiMtanda
Matumbawe waachie bahari. Kwanza kama unawaza kuyafuata Msimbati, kule ni hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay tangu 2000, huchukui kitu. Pili ni chokaa ile, inayeyuka polepole inapandisha ugumu na pH ya maji (kipimo cha uchachu), na pH ikipanda amonia ndo inakuwa kali zaidi. Mchanga wa ufukweni hivyohivyo, una vipande vya makombe humo. Kama hunielewi kamulia ndimu kwenye kijiko cha mchanga, ukichemka vipovu ni chokaa hiyo. Tumia kokoto ndogo za mto, osha mpaka maji yatoke meupe, na zisiwe laini sana zitavutwa na filta.

Godifishi watatu kwenye lita 63 pia hapana kaka. Wanaonekana wadogo dukani lakini godifishi wa kawaida anafika sentimita 20 na kuendelea, na wanakunya sana, filta yako itazidiwa. Mweleze binti aanze na gapi au moli, wanapenda maji magumu na wanazaa wenyewe, atafurahi kuliko.

MtuWaChuno
Gapi binti kakubali baada ya kuonyeshwa picha za mikia yao. Sasa hizo wiki sita tangi likae tupu tu? Hao bakteria wanakula nini kama samaki hawapo?

KambaleLigula
Swali zuri. Wape amonia. Nenda feri kachukue kamba mmoja mbichi, kata kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole, kifunge kwenye kitambaa cha soksi safi, kining'inize ndani. Kitaoza, kitanuka kidogo, mama watoto atalalamika, usimwambie ni wazo langu. Kikishaoza vya kutosha kitoe. Nunua vipimo vya amonia, nitriti na nitrati, mwambie huyo jamaa wa Dar akubebee hivyo badala ya samaki. Utaona amonia inapanda, halafu inashuka huku nitriti inapanda, halafu nayo inashuka. Siku amonia na nitriti zote ni sifuri na nitrati inasoma, badilisha nusu ya maji, lete gapi wanne watano, wengine ongeza baadaye. Katikati hapo maji yanaweza kuwa meupe kama ya mchele, usiyamwage, ni bakteria wanazaliana, yatatulia yenyewe.

Ila kuna njia fupi. Mimi tangi langu lina miaka na samaki hawana ugonjwa, sponji langu limejaa. Nikikukamulia uchafu wake kwenye filta yako unaweza kupunguza zile wiki sana tu, japo vipimo bado utapima.

mzee_wa_korosho
Kwahiyo anabeba uchafu toka Ligula kwenda Chuno ili maji yawe masafi. Nimeishi nimeona.

KambaleLigula
Ndo hivyo mzee wangu 😂

MtuWaChuno
Kambale nipo tayari, kesho baada ya alasiri inakufaa? Nije na nini?

KambaleLigula
Njoo na sponji lako na ndoo yenye mfuniko, na maji ya tangi lako nusu ndoo. Usipitie kwa mtu njiani, sponji likikaa juani ndani ya ndoo iliyofunikwa hewa inaisha bakteria wanakufa. Unachukua bajaji unaenda moja kwa moja unalirudisha unawasha.

BiMtanda
Na ile harufu ya silikoni imeisha kwenye hilo tangi? Kama bado linanukia siki mwaga maji, liache likauke vizuri kwanza, na muulize fundi alitumia silikoni gani, zile za bafuni zenye dawa ya ukungu hazifai kwa samaki.

MtuWaChuno
Naenda kunusa sasa hivi. Fundi nampigia.