Ameniambia masikio yangu yamezeeka, mbele ya mama mkwe!

Baba Tumaini, Umoja:
Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka na buti la gari likiwa bado wazi hapa uani. Sina haja ya kumtaja. Nyote mnamjua, yule fundi wa spika ambaye hakuna gari linalotikisa vioo Nairobi hii bila yeye kudai kwamba ndiye aliyelifunga muziki. Leo mchana ameniambia kwamba masikio yangu yamezeeka, na ameyasema hayo mbele ya mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma na kikapu chake cha maparachichi mapajani.

Nina miaka 38.

Jumamosi iliyopita nilimlipa shilingi 6,500 za ufundi peke yake, ili anifungie subwufa (spika za besi) mbili za inchi 12 katika sanduku moja, pamoja na ampu, ile mashine ya kukuza sauti. Nilipowasha muziki kwenye Barabara ya Jogoo, besi ilitoka nyembamba kama mbu aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Matatu ikanipita, na besi yake ikatikisa kiti changu kuliko spika zangu mwenyewe zilizokuwa mgongoni pangu. Leo, baada ya kumpokea mama mkwe katika kituo cha mabasi cha Machakos, nikapitia kwake. Hakufungua buti wala hakushika bisibisi. Aliinamisha kichwa dirishani kwa muda wa kumeza mate, kisha akatamka: "Mzee, spika ni nzima, ni masikio yako yamezeeka." Vijana wake wanne wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama mkwe akageukia upande wa pili, kama mtu anayejiuliza binti yake alimwoza kwa nani.

Nilipofika nyumbani nilichomoa nyaya za spika kwenye ampu, nikatoa betri ya volti 1.5 katika saa ya ukutani, nikaigusisha kwa nyaya za spika ya kushoto, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika, ikaruka nje kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Nikafanya vivyo hivyo kwa spika ya kulia, na koni ikaingia ndani! Mama mkwe, ambaye ndiye aliyenishikia tochi, akauliza: "Mwanangu, mbona hii inasukuma na mwenzake anavuta?" Nilipoing'oa spika ya kulia nikakuta waya mwekundu umefungwa kwenye ncha ya hasi. Moja inasukuma hewa, ya pili inaivuta, na besi zinauana humo humo sandukuni, halafu masikio ndiyo yamezeeka! Hata fyuzi kuu kule mbele nimeikuta imeungua na kuzungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, lakini hilo sina nguvu ya kulizungumzia. Masikio, jamani! Mbele ya mama mkwe!

Kondakta Mstaafu:
Pole, lakini ulimlipa kabla ya kusikiliza, ilhali hata tikiti maji hugongwa kwanza. Tena unalia masikio na kuipita fyuzi kama jambo dogo. Fyuzi hiyo inapaswa kukaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, ili kebo ikichubuka na kugusa bodi ikatike hapo hapo. Kwa karatasi ya sigara, kebo itawaka moto kutoka boneti hadi butini, na mama mkwe wako yuko katikati.

Binti wa Kayole:
Wewe umetukanwa tu. Mimi fundi huyo huyo alichukua waya wa rimoti wa ampu, ule unaoiamsha redio ikiwashwa, akauunga kwenye umeme wa kudumu badala ya redio, kwa hiyo ampu hailali usiku wala mchana na betri inaisha. Asubuhi tatu mfululizo majirani wamenisukumia gari, na Jumapili nilifika kanisani wakati wa matangazo.

Mzee wa Omu:
Baba Tumaini, kabla ya kumlaumu mtu tueleze koili zako, zile nyaya zilizosokotwa ndani ya spika, ni za omu ngapi, yaani zinaupinga umeme kiasi gani. Mimi nilikuwa na spika mbili zenye koili mbili mbili za omu 4, naye akaziunga zote nne sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja), zikashuka hadi omu 1. Ampu yangu haikuvumilia chini ya omu 2. Kila nilipoongeza sauti taa nyekundu iliwaka na muziki ukakatika, hadi siku ilipotoa harufu ya plastiki na kunyamaza kabisa. Angeziunga mfululizo (moja baada ya nyingine) ndani ya kila spika, kisha spika zenyewe sambamba, zingekaa omu 4.

Baba Tumaini, Umoja:
Zangu zina koili moja moja ya omu 4, na zikiwa sambamba ni omu 2 kama ampu inavyotaka. Sikuja kuulizwa omu. Nimekuja kuwaambia kwamba mtu aliyeunga nyaya kinyume amenitazama usoni akasema masikio yamezeeka, na mama mkwe anasikia!

Kijana wa Donholm:
Afadhali wewe unayesikia kidogo. Gari langu linalia kama king'ora kila ninapokanyaga mafuta, kwa sababu alipitisha kebo ya betri na zile za RCA, zinazopeleka sauti kutoka redio hadi ampu, upande mmoja, na athi, yaani waya wa hasi wa ampu unaofungwa kwenye bodi, akaifunga juu ya rangi.

Mzee wa Omu:
Kwangua rangi hadi uone chuma kinang'aa, waya wa athi usizidi nusu mita, na RCA zihamie upande wa pili wa gari. Nawe Binti, toa ufunguo, kisha upime waya wa rimoti kwa multimita, kile kipima umeme. Inapaswa kusoma sifuri.

Binti wa Kayole:
Nimeshuka kupima sasa hivi, ufunguo ukiwa mkobani. Inasoma volti 12.4.

Kijana wa Donholm:
Binti, hiyo multimita unaweza kuniazima kesho?