Tupeane uzoefu: kugundua bendi za roki mbadala na indi tukiwa Lubumbashi

Mwana Kamalondo

Bandugu, jambo. Uzi huu ni wa wanaofuata roki mbadala na indi, yaani bendi za lebo ndogo zinazojitegemea. Tuandike mbinu zenyewe: bendi unaifikia kwa njia gani, mega (data ya intaneti) zinaliwa kiasi gani, faili zinakaa vipi kwenye telefone, nini kinaharibika na kwa nini. Majina ya bendi yaandikwe kama yalivyo, mtu akitafuta ayapate.

Naanza na mlango unaosahaulika sana mjini kwetu. Vijana wanaanzia Seattle au Manchester, wakati roki nzito ya gitaa ilipigwa miaka ya 1970 pale ng'ambo ya Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Zamrock, roki ya Zambia, ni muziki wa Kopabelti: Kitwe, Chingola, Ndola, miji ya migodi kama yetu. Chukua bendi tano uanze nazo: WITCH, Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya, na Rikki Ililonga alipoimba peke yake. Anayesikia Kibemba au Kinyanja ana faida kubwa, maana nyimbo nyingi zinachanganya lugha hizo na Kiingereza.

WITCH walitoa albamu ya kwanza, Introduction, mwaka 1972. Sikiliza halafu rukia Lazy Bones!! ya 1975, utaona bendi ilivyokua: gitaa limepitishwa kwenye pedali ya fazi, ile inayoikwaruza sauti mpaka inanguruma, na ya wawa inayoifungua na kuifunga kama mdomo. Amanaz wana albamu moja tu, Africa, ya 1975, na imechanganywa mara mbili: toleo kavu, na toleo lenye mwangwi mwingi. Ukiona wimbo uleule unasikika tofauti, faili yako haina ubaya, ni toleo la pili hilo. Toleo kavu linafaa kwa kuanzia kwa sababu gitaa mbili zinasikika wazi.

Mambo mawili yanawachanganya watafutaji. La kwanza, ukiandika "Witch" peke yake utaletewa bendi nyingine ya Marekani inayopiga roki nzito ya polepole. Ongeza neno Zambia au Zamrock. La pili, kaseti za kunakili, bei ya shaba kuanguka, na baadaye UKIMWI, vilimaliza bendi nyingi, kwa hiyo rekodi za asili ni haba na zinauzwa ghali sana. Usihangaike nazo. Lebo ya Now-Again ya Marekani imezichapisha upya, na mikusanyo miwili ya Welcome to Zamrock! ya 2017 inakupa ramani nzima. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Jagari Chanda, amerudi jukwaani na bendi iliyoundwa upya. Albamu yao Zango ilitoka 2023.

Kasapa Nord

Aksanti yaya. Naongeza njia ya kufuata watu na lebo, maana orodha zinazopendekezwa na programu zinakurudisha kwenye bendi zilezile kumi. Programu inahesabu wengine wanasikiliza nini, na wengi wanasikiliza kilicho maarufu tayari. Bendi iliyouza nakala 500 haitafika kwako kwa hesabu hiyo.

Fungua Discogs, tovuti yenye orodha za rekodi, tafuta albamu unayoipenda, shuka mpaka sehemu ya majina ya waliofanya kazi. Chukua jina la aliyerekodi, libonyeze, utapata kila alichorekodi. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni Steve Albini wa Chicago, aliyefariki 2024. Alirekodi Surfer Rosa ya Pixies (1988), Pod ya The Breeders (1990), Rid of Me ya PJ Harvey na In Utero ya Nirvana (zote 1993), na Things We Lost in the Fire ya Low (2001). Muziki ni tofauti kabisa, ila dramu utazitambua: vipaza sauti viliachwa mbali kidogo ili chumba chenyewe kisikike. Sikio likishazoea alama hiyo, unaanza kuchagua albamu kwa fundi wake, na hapo ndipo utafutaji unapokuwa mtamu kweli.

Njia ya pili ni wanamuziki wanaohama. Kim Deal alipiga besi Pixies, akaanzisha The Breeders. Waliobaki wa Joy Division wakawa New Order. Johnny Marr wa The Smiths alikuja kupiga na Modest Mouse kwenye albamu yao ya 2007. Kwa Kinshasa vilevile: baadhi ya watu wa Staff Benda Bilili wakaunda Mbongwana Star, na From Kinshasa ya 2015 ni albamu ambayo mpenzi yeyote wa roki ya ajabuajabu lazima aipitie, besi yake imekwaruzwa vibaya mno.

Njia ya tatu ni lebo ndogo. Lebo ya indi mara nyingi ni watu wachache wenye sikio moja, kwa hiyo ukipenda bendi mbili zao, jaribu ya tatu bila kuuliza. Dischord ya Washington ni ya Fugazi na ndugu zao wa panki. 4AD, Rough Trade na Domino ni za Uingereza. Crammed Discs ya Ubelgiji ndiyo iliyowatoa Konono N°1 na Kasai Allstars, bendi za kwetu Kongo. Angalia pia mnyororo huu: Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Niger, alianza kujulikana nje kupitia Sahel Sounds, lebo iliyokusanya nyimbo zilizokuwa zikizunguka kwenye kadi za memori za telefone jangwani. Baadaye akasainiwa na Matador, ikatoka Afrique Victime mwaka 2021. Ukifungua Matador unakutana na Pavement, Yo La Tengo na Guided by Voices. Hatua tatu, kutoka Agadez mpaka indi ya Marekani ya miaka ya 1990.

Dada wa Bel-Air

Mwana Kamalondo amewagusa wanaoanzia Seattle, yaani kwa akina Nirvana. Mimi sikubaliani na kuwazuia watu kuanza na Nirvana. Tatizo si Nirvana, ni kuishia hapo. Konseri yao ya MTV isiyo na umeme mwingi (MTV Unplugged in New York), iliyorekodiwa Novemba 1993, ina nyimbo 14, na 6 kati ya hizo ni za watu wengine: tatu za Meat Puppets, moja ya The Vaselines, moja ya David Bowie na moja ya zamani iliyoimbwa na Lead Belly. Huo tayari ni mwezi mzima wa kusikiliza. Bendi yoyote unayoipenda, tafuta nyimbo za wengine ilizoimba, utamjua mwalimu wake.

Fundi Bafle

Tuje kwenye mega na faili, hapa ndipo watu wanapoteza franka bure.

Hesabu ni rahisi. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula mega 1 hivi kwa dakika, yaani 58 kwa saa. Wa 320 unakula 144 kwa saa. Albamu ya dakika 40 ni mega 38 kwa kiwango cha kwanza na 96 kwa cha pili. Video inakula mara nyingi zaidi, na ukisikiliza huku kioo kimegeukia meza, picha zote zile umezilipia bila kuzitazama. Weka video kwenye 144p, ubora wa chini, kama unachotaka ni sauti, au chukua programu inayocheza sauti peke yake. Kubwa zaidi: usisikilize wimbo uleule mara kumi mtandaoni. Pakua mara moja, usikilize hata mwaka.

Kadi ya memori ya gigabaiti 32 inaingiza albamu 300 na kitu za kiwango cha 320. Lakini kadi nyingi za barabarani ni za uongo: zimeandikwa 64, ndani ni 8. Ukiijaza, nyimbo za mwanzo zinaharibika na hakuna onyo lolote. Kabla ya kuweka muziki, chomeka kadi kwenye kompyuta, tumia programu ya H2testw, ijaze yote na kuisoma tena. Inachukua muda, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, kwa hiyo fanya kwenye kompyuta yenye betri.

Bafle (spika) na redio za gari zinazosoma flash zina masharti yake. Nyingi zinataka kadi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kupanga faili, na kadi za 64 kwenda juu zinakuja na exFAT, mpangilio mpya, ndiyo maana redio inasema hakuna kitu. Nyingi zinasoma MP3 tu, ukiweka FLAC, faili kubwa zisizopunguzwa ubora, zinanyamaza. Tena zinacheza kwa mpangilio ambao faili zilinakiliwa, hazifuati majina. Albamu ikichanganyika, futa folda, andika 01, 02, 03 mbele ya majina, halafu nakili upya faili moja moja kwa zamu.

Kuhusu ubora: faili iliyoandikwa 320 inaweza kuwa 128 iliyopulizwa. Fungua kwa programu ya Spek, itachora wimbo. Rangi zikikatika ghafla kwenye kilohezi 16, mara nyingi hiyo ni 128 iliyovalishwa nguo kubwa. Usiichukue kama sheria kwa rekodi za zamani za Zamrock, kanda zenyewe hazina sauti nyingi za juu.

Mwisho, rekebisha majina ndani ya faili kwa Mp3tag: msanii, albamu, mwaka, namba ya wimbo. Bila hivyo utakuwa na "Track 01" mia mbili, na bendi nzuri itakupita bila kujua jina lake.

Mpiga Besi Katuba

Fundi kasema vizuri. Mimi nashika upande wa kusikiliza, kwa sababu bendi nyingi za indi zinatupwa bure kwa kosa la bafle.

Bafle nyingi za Bluetooth zina spika moja, zinaunganisha kushoto na kulia. Kwa roki ya gitaa mbili hiyo ni hasara kubwa. Chukua Marquee Moon ya Television, ya 1977: gitaa moja linakaa upande huu, la pili upande ule, na raha yote ni kusikia wanavyojibizana. Kwenye spika moja yanakuwa tope. Vaa vya masikioni. Kama upande mmoja umekufa, nenda kwenye mipangilio ya telefone, sehemu ya kuwasaidia wenye shida ya kusikia, washa sauti ya mono, angalau usipoteze nusu ya bendi.

Zima vionjo vya besi. Bafle za mitaani zimetengenezwa kwa ngoma ya kompyuta. Zinasukuma chini na kufunika katikati, na katikati ndipo gitaa na sauti ya mwimbaji zinapoishi.

Loveless ya My Bloody Valentine (1991) ndiyo inayolalamikiwa sana: "mbona mwimbaji hasikiki?" Imefanywa makusudi. Sauti za waimbaji zimeshushwa ziwe kama chombo kimoja kati ya vingine, na Kevin Shields anapiga nyuzi huku mkono umeshika kile chuma cha kutikisia, ndiyo maana noti zinayumba kama zimelewa. Usiisikilize kwa sauti ya chini kwenye telefone. Na ikikushinda, anza na Souvlaki ya Slowdive (1993), ni laini zaidi, halafu urudi.

Usihukumu bendi kwa wimbo wa kwanza. Lebo zinapanga wimbo mwepesi mbele. Sikiliza wa kwanza, wa nne na wa mwisho. Ukipata kitu kimoja kinachokurudisha, sikiliza albamu yote kwa mpangilio wake.

Mama Fungurume

Kwa wale ambao bado wanaona roki ni ya watu wa mbali, sikilizeni Tradi-Mods vs Rockers ya 2010. Bendi za indi kama Deerhoof na Animal Collective wanafanya upya nyimbo za Konono N°1 na Kasai Allstars. Mwaka uliofuata wakasafiri pamoja jukwaani, na rekodi ya kundi hilo, Where's the One?, ikatoka 2022. Sababu ya kuelewana ni sauti: likembe ya Konono, ile ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, imepitishwa kwenye vikuza sauti vya kujitengenezea, inakwaruza kama gitaa la fazi. Sikiliza Konono asubuhi na Sonic Youth jioni, mtaniambia.

Kijana Ruashi

Swali kwa wakubwa: Bandcamp, tovuti ambapo bendi zinauza muziki wao, inawezekana huku bila kadi ya benki?

Kasapa Nord

Inawezekana kwa sehemu, mdogo wangu. Kusikiliza hakuhitaji kulipa, na kunatoka kwa kilobiti 128, kwa hiyo tumia hesabu ya Fundi. Ukirudia wimbo mara chache itakuomba ununue, ni msanii ndiye anayeamua. Kuna albamu ambazo bei unaipanga mwenyewe. Ukiandika 0 na ikakubali, utapakua, pengine itakuomba barua pepe kwanza. Usiziache bila kusoma ukurasa, bendi nyingi changa zinaweka kazi yao ya kwanza hivyo.

Kwa kununua inatakiwa kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni, au PayPal. Kadi ya akaunti ya dola ni bora, inakuepusha na gharama ya kubadilisha fedha. Muulize benki kwanza kama malipo ya nje yamewashwa, maana kadi ikikataliwa mara nyingi shida iko hapo. Kama wenzako wanne wana hamu moja, mwenye kadi anunue, wengine wamrudishie kwa mobile money, na kila mmoja achague albamu yake.

Ukishanunua, pakua MP3 ya 320 kwa telefone na FLAC kwa kuhifadhi kwenye kompyuta. Na kabla ya kufunga ukurasa, angalia picha ndogo za walionunua albamu hiyo. Bonyeza mmoja, utaona kila kitu alichonunua. Chagua mtu mwenye albamu yako ya Amanaz na nyingine mbili unazozipenda tayari. Rafu yake iliyobaki ina bendi za kukutosha mpaka mvua zijazo. Anza na zile ambazo lebo zake huzijui.