Kubadili chama kabla ya Aprili 23 nimpigie Ficker: nifanye au niache?

Kutoka: Mama Wawili, Germantown
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Wapendwa, salaam. Wakubwa wote, shikamooni.

Naomba ushauri wa haraka maana siku zinakwisha. Mimi na baba watoto tulikula kiapo cha uraia mwaka jana, na siku ileile tukajaza fomu za kujiandikisha kupiga kura. Kwenye sehemu ya chama wote tukaweka Democratic, bila hata kujadiliana, kama mtu anayeagiza chai ya kawaida.

Sasa mchujo wa Mei 14 ndio uchaguzi wetu wa kwanza. Kazini kwangu dada mmoja wa zamu ya usiku ananiambia yeye anahamia Republican wiki hii ili ampigie kura Robin Ficker, anayewania useneta wa hapa Maryland. Hesabu yake ni kwamba mpinzani wa Ficker kwenye mchujo huo, Larry Hogan, alishakuwa gavana mihula miwili, watu wa vyama vyote wanampenda, akipita mchujo atatutoa jasho Novemba. Ficker akipita, Democrats wamelala usingizi. Nimemweleza baba watoto, macho yakamng'aa kama aliyeona bao la mkono.

Je, ni halali? Na je, uraia wetu mchanga huu hauwezi kuja kuguswa kwa michezo ya namna hii?

Kutoka: Shangazi, Baltimore
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mwanangu, marahaba.

Halali kabisa. Hakuna faini, hakuna kesi, na uraia wako haumo humo. Hapa unaweza kubadili chama kila mwaka ukitaka. Unaingia kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo na leseni yako ya udereva, dakika tano umemaliza. Mwisho ni Jumanne ya Aprili 23, siku 21 kabla ya uchaguzi.

Sasa sikiliza ambalo huyo mwenzako wa zamu ya usiku hakukwambia. Maryland mchujo wake umefungwa. Ukiwa Republican unapewa karatasi ya Republican tu, ile ya Democratic huigusi. Na katika jimbo hili Democrats walioandikishwa ni zaidi ya mara mbili ya Republicans, kwa hiyo sehemu nyingi anayeshinda mchujo wa Democratic ndiye keshashinda kiti, Novemba ni kupiga muhuri tu. Mwaka huu kwenye useneta kuna Angela Alsobrooks, yule anayeongoza kaunti ya Prince George's, na David Trone mwenye maduka ya mvinyo anayemwaga fedha zake mwenyewe kwenye matangazo hadi televisheni yangu imechoka. Mmoja wao anaweza kukuwakilisha miaka sita. Wewe unataka kuiacha kura hiyo ukamsaidie Ficker?

Tena wewe uko Germantown, wilaya ya 6 ya Bunge. Trone ameacha kiti hicho, na waliojitosa upande wa Democratic ni zaidi ya kumi. Kwenye umati kama huo mtu anaweza kupita kwa kura chache sana. Hapo ndipo kura yako ina uzito, mwanangu.

Na usije ukasema nitabadilishia palepale kituoni. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa kituo. Saa kumi na moja jioni kaingia baba mmoja, buti zimejaa chokaa, katoka kazini moja kwa moja. Nikaandika jina, mashine ikaniletea chama chake. Akasema hapana, leo nataka karatasi ya wale wengine. Nikamwambia baba, asiyejiandikisha kabisa tunamwandikisha leo hii na chama anachagua, ila wewe umo kwenye daftari, chama hakibadiliki leo. Akaniuliza mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Mwishoni akaomba kura ya kuwekwa kwenye bahasha ikachunguzwe baadaye, akaijaza amesimama, akaondoka bila kuchukua kile kibandiko cha "nimepiga kura". Bado namkumbuka.

Kutoka: Kaka wa Houston
Jumanne, 16 Aprili 2024

Wadau, habari za Maryland.

Hapa kwetu Texas hayo mambo ya kujisajili na chama hayapo. Unafika kituoni, karani anakuuliza mchujo gani, unasema, unapewa. Mimi nimezoea hivyo hadi nikisoma barua ya Shangazi nahisi kama mnaongelea nchi nyingine. Ila kuna mtego mmoja: ukishapiga kura kwenye mchujo wa chama kimoja Machi, marudio ya Mei huwezi kurukia chama kingine. Mwaka mzima wewe ni wao. Ukifika Januari unaanza upya.

Hii hila nimeijua tangu 2008. Sikuwa raia, nilikuwa naendesha teksi, na abiria mmoja wa kila asubuhi alitaka redio iwekwe kwa Rush Limbaugh, yule mtangazaji mpenda Republican, basi. McCain alikuwa amekaribia kumaliza kazi upande wa Republican, Limbaugh akaanza kuwahimiza wasikilizaji wake wakampigie kura Hillary Clinton ili yeye na Obama waendelee kung'oana meno. Baadaye akaipa jina, Operesheni Vurugu. Yule abiria wangu alienda kweli, akarudi amevaa kibandiko cha kura, anacheka peke yake kiti cha nyuma. Clinton alishinda kura za Texas Machi 4. Lakini Texas wakati huo ilikuwa na mikutano ya usiku baada ya kura, na ukijumlisha yote Obama ndiye aliyeondoka na wajumbe wengi zaidi. Na Novemba tunajua nani aliingia Ikulu. Hata yule abiria tuliongea naye, akasema si hoja, alijifurahisha.

Shangazi, na wale wa New York mnawasahau? Kule tarehe ya kubadili chama ilikuwa mbali ajabu, zaidi ya miezi sita kabla. Mwaka 2016 hata Ivanka na Eric Trump walipitwa na tarehe, wakashindwa kumpigia kura baba yao mzazi kwenye mchujo. Hapo ndipo niliamini sheria ni msumeno.

Kutoka: Mzee, Silver Spring
Jumanne, 16 Aprili 2024

Nimesoma. Mimi nina neno moja la zamani: mamluki.

Tulipokuwa nyumbani, kura za maoni zikifika, jambo la kwanza ni kuulizana nani mamluki humu ndani. Mtu ana kadi ya chama, analipia ada, anaimba nyimbo, kumbe katumwa. Akigundulika anafukuzwa na jina lake linasomwa mkutanoni. Kwa hiyo nilipofika hapa, wazo la kuingia kwa jirani kumchagulia mgombea dhaifu lilinichefua. Bado linanichefua kidogo, sifichi.

Ila lazima niwe mkweli. Hapa chama hakina kadi wala ada. Chama chenyewe hakikukubali wala hakiwezi kukukatalia, jina lako linaandikwa na ofisi ya serikali. Uko ndani kwa sababu umesema uko ndani. Huyo unamwitaje mamluki? Tukikaa kijiweni tunabishana kama vile "Democrat" ni sawa na mwanachama wa kule kwetu. Sivyo. Ni tiki kwenye fomu inayosema upewe karatasi ipi.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu ya "mgombea dhaifu". Mwaka 2022 hapa hapa Maryland chama cha magavana wa Democratic kilitumia zaidi ya dola milioni moja kwenye matangazo yaliyomjulisha Dan Cox, aliyewania ugavana, kwa wapiga kura wa Republican. Matangazo yalijifanya ya kumshambulia, ati ni mtu wa Trump mno, huku wakijua wapiga kura wale ndicho wanachokitaka. Cox akamwangusha Kelly Schulz kwenye mchujo, yule aliyeungwa mkono na Hogan. Novemba Wes Moore akamshinda Cox kwa zaidi ya pointi 30. Wengi wakapiga makofi. Mimi nilikaa nikajiuliza: je, mwaka ule upepo ungegeuka? Mtu ambaye wewe mwenyewe umemwita hafai angekuwa gavana, na umempeleka wewe.

Na Mama Wawili, ukichukua karatasi ya Republican huko wilaya ya 6 utamkuta Cox huyohuyo, safari hii anautaka ubunge. Salimia.

Kutoka: Kijana wa Columbus
Jumatano, 17 Aprili 2024

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kitu kando kidogo. Mimi nina grinikadi tu, uraia bado. Nilipoenda kuchukua leseni, yule wa dirishani aliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nikasema bado. Nilifanya vibaya?

Kutoka: Shangazi, Baltimore
Jumatano, 17 Aprili 2024

Mwanangu wa Columbus, ulifanya vizuri kuliko unavyojua, na wote wenye grinikadi someni hapa mara mbili.

Hawa wa madirishani wanaweza kumuuliza mtu yeyote bila kuangalia hati yake. Ukisema ndiyo na ukatia saini, umesema wewe ni raia. Siku ya kuomba uraia, fomu ya N-400 inakuuliza waziwazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Tangu sheria ya 1996, kudai uraia usio wako kunaweza kukufanya urudishwe kwenu hata kama una watoto na nyumba hapa. Nina mtu wangu wa karibu katika jimbo jingine aliyetia tiki hiyo bila kuelewa Kiingereza cha fomu. Hakupiga kura hata siku moja. Miaka mitatu amehangaika na wakili. Kwa hiyo kabla ya kuulizana chama gani, ulizaneni karatasi gani iko mkononi.

Na nyie raia, jueni kura yako ni siri ila chama chako si siri. Daftari lina jina, anwani na chama, na wagombea hulipata. Simu zitalia.

Kutoka: Kaka wa Houston
Jumatano, 17 Aprili 2024

Shangazi amemaliza. Na hiyo ya chama kuwa hadharani, sisi Wakenya tunaijua kwa uchungu wetu: mwaka 2021 watu waliingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hata jina hawajui. Angalau hapa unajiandikisha mwenyewe.

Kutoka: Mama Wawili, Germantown
Alhamisi, 16 Mei 2024

Wapendwa, nilinyamaza kwa sababu nyumbani palikuwa na kesi.

Mimi nilibaki Democratic. Nilipiga kura ya mapema, foleni ndogo, nikampa Alsobrooks, na kwenye ubunge nikasoma majina yote mpaka karani akaanza kukohoa. Baba watoto alikuwa keshabadili usiku wa Aprili 15, kabla hata barua ya Shangazi haijafika, kimyakimya kwenye simu akiwa kitandani. Niligundua ilipokuja kadi ya bodi ya uchaguzi kwa posta, imeandikwa Republican mbele ya jina lake. Nilidhani wamekosea nikataka kuwapigia.

Matokeo mmeyaona. Alsobrooks kamshinda Trone na zaidi ya dola milioni 60 zake. April McClain Delaney kachukua Democratic wilaya ya 6. Hogan kampita Ficker mbali sana, wala haikukaribiana. Cox naye kashindwa na Neil Parrott. Kwa hiyo kura ya mume wangu ya useneta ilienda kuangukia baharini. Alipofika kwenye ubunge, anasema alikaa na kalamu muda mrefu, hakumjua hata mmoja zaidi ya Cox, akaacha wazi. Kwenye bodi ya shule ndiko tulikokutana, maana hiyo iko kwenye karatasi zote, hata za wasio na chama.

Sasa kila siku sanduku la barua lina bahasha zake. Leo ya tatu wiki hii, inamwita mzalendo mwenzetu na kumwomba dola 35. Anauliza arudi lini. Shangazi, dirisha linafunguliwa tena lini?

Kutoka: Shangazi, Baltimore
Alhamisi, 16 Mei 2024

Mwambie atulie wahesabu kwanza, wakimaliza atabadili kwenye simu ileile. Novemba chama hakijali, karatasi ni moja kwa wote. Hizo barua ndizo hazitaacha kuja.