Karate ya Shotokan miaka mitano, sasa niongeze nini: judo, ngumi, taekwondo au MMA?

KahawiaTemeke
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 27, nafanya Shotokan mwaka wa tano huu, nimefika mkanda wa kahawia. Dojo yetu ya mazoezi nzuri, na sensei, mwalimu wetu, namheshimu kama mzazi. Wiki tatu zilizopita nilimtembelea binamu yangu anayefanya judo, akaniambia tushikane kidogo. Nilirusha ngumi moja, akaingia ndani yake, na kabla sijajua kilichotokea niko chini, yeye juu ya kifua changu. Nikatafuta kichwani cha kufanya, sikukipata. Tulirudia mara nne, mara nne matokeo yaleyale. Usiku huo sikulala.

Karate siiachi. Nataka kuongeza mchezo wa pili. Karibu nami kuna haya:
Judo, Jumanne na Alhamisi, Sh 25,000 kwa mwezi.
Ngumi, kila jioni, mwalimu ni bondia mstaafu, Sh 20,000.
Taekwondo, Jumamosi asubuhi, Sh 20,000.
Jimu mpya ya MMA, yaani mapigano mchanganyiko, inayofundisha kila kitu, Sh 80,000.

Nina jioni nne kwa wiki, mbili ni za karate. Sitafuti kupigana kwa pesa. Nataka mtu akinishika nijue la kufanya. Na hofu yangu nyingine ni hii: kuchanganya hakutaniharibia karate niliyoijenga? Nawasilisha.

MzeeGlavu
Mwanangu, nenda ngumi.

Nimefundisha vijana wa karate wengi na tatizo lao ni moja. Ngumi zao zina nguvu, miguu yao ina kasi, lakini hawajazoea kupigwa na kuendelea. Kwenye kumite ya pointi, yale mapambano ya karate, mwamuzi anasimamisha kila mtu akigusa. Mwili unajifunza kwamba baada ya pigo langu kuna mapumziko. Ulingoni baada ya pigo lako linakuja la mwenzako, na la pili, na la tatu. Halafu ile tabia ya kurudisha mkono kiunoni: ukiniletea mkono kiunoni, uso wako ni wangu.

Miezi sita ya kuruka kamba, kupiga begi na sparing nyepesi, mapambano ya mazoezi, itakubadilisha. Kichwa kitajifunza kusogea, kidevu kitashuka, macho hayatafumba. Na nchi hii ngumi ina mizizi. Titus Simba alirudi na medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Walimu wapo, na mazoezi unaweza kuyafanya hata kwenye uwanja wa vumbi.

Hajime_Unguja
Shikamoo Mzee Glavu. Kwa heshima yote, hapa sikubaliani nawe.

Kaka Kahawia, soma tena ulichoandika mwenyewe. Hukushindwa kwa sababu ngumi zako ni mbovu. Ulishikwa, ukaangushwa, ukabanwa. Ukienda ngumi utarudi na ngumi nzuri zaidi, na binamu yako atakuangusha vilevile. Mimi ni mwanamke wa kilo 58, nipo judo mwaka wa 14, na wanaume wa karate wanaokuja kututembelea nawaona: wakishikwa kola tu wanaganda.

Judo itakupa vitu vitatu usivyo navyo. Cha kwanza ni kuanguka. Ukemi, yaani kuanguka bila kuumia, inachosha kuifundisha na inachosha kujifunza, lakini mimi ilinisaidia siku niliyorushwa na bodaboda: nilishusha kidevu kifuani bila kuwaza, mkono ukapiga lami, nikainuka na michubuko tu. Cha pili ni mizani, yaani kuhisi uzito wa mwenzio umeegemea wapi kupitia mikono yako. Macho hayatoshi kwa hilo. Cha tatu ni randori. Kila siku unapambana na mtu anayekataa kwa nguvu zake zote, na kesho mnaenda kazini wote wazima, kwa sababu hakuna anayepigwa kichwani.

Kuhusu kuchanganya, judo yenyewe ni mchanganyiko. Mwanzilishi wake, Jigoro Kano, alisoma shule mbili za jujutsu, mapigano ya zamani ya Kijapani: Tenjin Shin'yo-ryu iliyokuwa na makabano na kubana chini, na Kito-ryu iliyokuwa na mitupo, ndipo akaanzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882. Hakuona kwamba ya pili inaharibu ya kwanza. Na Watanzania tupo kwenye mchezo huu: Andrew Thomas Mlugu alicheza Olimpiki ya Rio 2016 na ya Paris 2024.

Upungufu wake nao nauweka wazi. Tangu 2010 sheria za mashindano zimebana kushika miguu, kwa hiyo klabu nyingi hazifundishi tena kujikinga na mtu anayeingia chini kukamata mapaja. Na mapambano ya chini refa anayasimamisha haraka. Ukitaka kukaa chini dakika tano ukitafuta kiwiko cha mtu, hiyo ni jiu-jitsu ya Brazili. Hata hiyo imetoka kwetu, Mitsuyo Maeda wa Kodokan alifika Brazili mwaka 1914 na familia ya Gracie ikajifunza kwake.

Nyali_Mateke
Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mtu wa taekwondo, miaka tisa, na nakuambia usichague taekwondo.

Mchezo wangu naupenda mno. Lakini wewe una Shotokan. Mateke unayo, umbali unao, mizunguko unayo. Taekwondo itakuongezea mguu wa juu na kasi, na tobo lako litabaki palepale. Kwenye mashindano yetu hata ngumi ya usoni hairuhusiwi, hivyo mikono inashuka bila mtu kujua. Mtu anayeongeza mchezo aongeze kile ambacho wa kwanza hauna.

Swali lako la kuharibu karate watu wamelipita haraka. Kuharibika kupo. Mwaka wa sita niliongeza Muay Thai, ngumi na mateke ya Kithai, siku zilezile, jioni moja huku na jioni moja kule. Taekwondo nasimama ubavu, mguu wa mbele mwepesi, tayari kuinuka. Muay Thai nikisimama vile napigwa paja. Nikajifunza kusimama mraba na kuinua goti kuzuia. Basi nikirudi taekwondo nikawa nainua goti kila mwenzangu akitikisika, naye anasubiri goti lishuke, ananipiga. Miezi minne nilikuwa mbovu kotekote. Mwalimu mmoja alidhani nimeanza uvivu. Kisha siku moja mwili ukatenganisha wenyewe: nikivaa dobok, suti ya taekwondo, unasimama hivi, nikivaa glavu unasimama vile. Haikurudi nyuma tena.

Kwa hiyo jipe miezi minne au mitano ya kuonekana umeshuka. Usiwe na mtihani wa mkanda wala mashindano katikati yake.

MzeeGlavu
Marahaba, mwanangu Hajime. Umesema vizuri kuhusu kuanguka, hilo silipingi. Lakini huyu kijana mtaani hatakutana na mtu aliyevaa judogi, suti ya judo. Atakutana na mtu wa ngumi ya pembeni, ile ya ulevi, inayotoka nyuma ya sikio. Hiyo karate ya pointi haimzoeshi.

Hajime_Unguja
Mzee wangu, na baada ya hiyo ngumi ya pembeni huwa wanafanya nini? Wanashikana shati. Kila ugomvi niliouona sokoni umeishia watu wameshikana mashati.

MbongoRotterdam
Nimesoma wote, naongezea upande wa jimu ya MMA maana hamjaugusa.

Niko Uholanzi mwaka wa 11, nafanya ngumi na mateke. Mchezo wa hapa wenyewe ulizaliwa kwa kuchanganya. Waholanzi walikuwa na Kyokushin, karate ya kupigana kwa nguvu, Jan Plas akaenda Japani kwenye jimu ya Mejiro, akarudi na kufungua yake Amsterdam mwaka 1978. Mikono wakachukua ya ngumi za Kiingereza, mateke ya chini ya Kyokushin na Muay Thai. Leo mtoto akiingia anafundishwa kama mchezo mmoja, ngumi tatu zikifungwa na teke la paja. Hajui kama zilikuwa nyumba tofauti.

Hiyo ndiyo faida ya jimu nzuri ya MMA: mshono. Ukijifunza ngumi huku na judo kule, hakuna anayekufundisha kile kipande cha katikati, ngumi inapogeuka kushika. Binamu yako alikupiga hapohapo kwenye mshono. Aliingia *ndani ya ngumi yako*.

Lakini ubora wa jimu ni mwalimu. Nenda ukae pembeni siku mbili kabla ya kulipa. Muulize alijifunza wapi mieleka au jiu-jitsu, na kwa nani. Kama jibu ni video, ondoka. Angalia wageni wanafanyiwa nini siku ya kwanza. Angalia kama kila mtu ana kinga ya meno. Angalia kama wanaoanza wanapigana kwa nguvu huku mwalimu anashika simu.

Na wale wanaosema mtu wa karate hawezi, Lyoto Machida alitwaa mkanda wa UFC, mashindano makubwa ya MMA, mwaka 2009 na Shotokan ya baba yake, ila alikuwa ameongeza jiu-jitsu na sumo. Georges St-Pierre alianza na Kyokushin utotoni, mieleka hakuicheza shuleni, aliifuata ukubwani huko Montreal na ikawa silaha yake kubwa. Tazama pia upande mwingine: UFC ya kwanza, Denver, Novemba 1993, karibu kila mtu alikuja na mchezo mmoja. Royce Gracie, mwembamba kuliko wengi wao, akawashika mmojammoja. Wapigaji aliowashinda hawakuwa dhaifu. Hawakuwahi kushikwa na mtu anayejua, kama wewe wiki tatu zilizopita.

SenpaiKinondoni
Kahawia, mimi ni wa karate na nina la kusema kabla hujalipa popote.

Unaongea kana kwamba karate haina kushika. Gichin Funakoshi, baba wa Shotokan, aliacha mitupo tisa kwenye mafundisho yake. Watoto wa Okinawa walikuwa wakicheza mieleka yao, tegumi, kabla ya kufika kwenye kata, ile mienendo iliyopangwa unayoifanya peke yako. Ile mikono unayoivuta kiunoni, ambayo Mzee Glavu anailaumu, haivutwi bure: mkono ule umeshika kitu, mkono wa mtu au nguo yake, unamvuta huku mwingine unapiga. Tumeisahau kwa sababu tunafanya mazoezi ya pointi. Sisi wa Goju-ryu, karate iliyoingia Dar es Salaam miaka ya 1970, bado tunasukumana mikono kila wiki ili tuhisi mwenzetu anaegemea wapi.

Kwa hiyo kaongeze judo. Nimeifanya miaka miwili, na ndipo nilipoielewa kata yangu. Kuna mzunguko kwenye kata nilioufanya miaka minane nikidhani nageuka kumkabili mtu wa nyuma. Siku niliyofundishwa tai otoshi nikaujua: ule ni mtupo. Nilikaa pembeni ya mkeka machozi yakinilengalenga.

Jambo la pili, na kwangu ni kubwa kuliko lote. Mwambie sensei wako *kabla*. Asisikie kwa watu. Mfuate baada ya mazoezi, peke yenu, umwambie unaenda kujifunza kushika ili urudi na kitu dojoni. Sensei wengi wa zamani hawakatazi kujifunza, wanaumia kufichwa. Na huko judo vaa mkanda mweupe. Usitaje kahawia mpaka uulizwe.

KahawiaTemeke
Wakuu, nimesoma kila neno, asanteni sana.

Jimu ya MMA nilienda kukaa pembeni kama alivyoshauri Mbongo. Kijana aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza aliingizwa sparing na mtu mzito kuliko yeye, akapigwa, akakaa chini ameshika kichwa, na baada ya dakika mbili akaambiwa aendelee. Nimeondoka.

Sensei nilimwambia jana. Alinyamaza kidogo, akaniuliza judo au jiu-jitsu. Nikasema judo. Akasema, "Jumamosi uje unioneshe." Kumbe ujana wake alifanya judo mwaka mmoja.

Naanza Jumanne. Ngumi sijaiacha, Mzee Glavu, nitakuja baada ya miezi sita. Swali la mwisho: naweza kutumia suti yangu ya karate ili nisinunue nyingine?

MzeeGlavu
Miezi sita nitaihesabu. Na yule mtoto wa kule jimu, kama unamfahamu, mwambie asipigane tena mpaka aonwe na daktari. Kichwa kikiuma baada ya pigo hakiachwi hivihivi.

Hajime_Unguja
Suti ya karate haitamaliza wiki. Kitambaa chake chepesi kwa ajili ya mateke, kola ikivutwa mara mbili inachanika kwapani. Siku ya kwanza vaa suruali yake na fulana ngumu ya mikono mirefu, mwalimu atakuelewa, mtashinda mnaanguka tu. Kucha zikate fupi, za miguu pia. Na usile chochote ndani ya saa mbili kabla ya mazoezi.

Judogi za mtumba huwa zinapatikana. Hapa klabuni iko moja nyeupe, kola imefifia lakini mishono mizima. Una urefu gani?

KahawiaTemeke
Sentimita 174, dada.

Hajime_Unguja
Itakutosha, mikono itakuwa mifupi kidogo. Kuna mwenzetu anavuka na boti ya Ijumaa, nampa akuletee.