Kadi iko Makete, kazi iko Mufindi: tudai marekebisho gani ya uchaguzi kwanza?

Mwana wa Mafinga

Kamwene, ndugu zangu. Kwa muda sasa nimekuwa nikizungumza na wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa misitu ya Sao Hill hapa Mufindi, ambao wengi wao wametoka Makete, Ludewa, Kilolo na hata Kyela, na jambo linalojirudia katika mazungumzo yetu ni moja. Jina la mtu liko kwenye daftari la kijiji alikozaliwa, riziki yake iko huku, na siku ya uchaguzi hawezi kuacha kazi, kutafuta nauli na kusafiri mlima hadi mlima ili akapige kura na kuwahi kurudi. Nafasi ya kuhamisha taarifa ipo, lakini hupita upesi. Katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura uliozinduliwa Kigoma Julai 2024, kila mkoa ulipewa siku saba, kisha ikaja awamu ya pili iliyoanza Mei 2025. Kijana aliyeletwa kambini na mkandarasi wa mbao mwezi Agosti mwaka huo alikuwa amekwisha kuchelewa, hata kama mfukoni alikuwa na kadi ya mpiga kura na kitambulisho cha taifa.

Baadhi yetu tumeamua kuendesha kampeni ya kudai marekebisho yatakayompunguzia mtu wa namna hii adha ya kupiga kura. Si kampeni ya chama chochote. Hata hivyo tumegawanyika kuhusu dai la kutanguliza: wapo wanaotaka mtu aruhusiwe kumpigia kura Rais popote alipo, wapo wanaotaka kura ya mapema kama ya Zanzibar, na mwenzetu mmoja aliyefuatilia habari za majimbo ya Marekani anashauri kura kwa njia ya posta. Naomba ushauri wa wenye ujuzi. Lipi tulidai kwanza, na tubishe mlango upi? Watu hawa wamekwisha kusaini makaratasi mengi ambayo hawakuwahi kusikia yaliishia wapi, na sitaki kuwaongezea jingine.

Wakili wa Uyole

Ndugu Mwana wa Mafinga, kabla ya kuchagua dai, isome ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kwa sababu naamini ndiyo silaha yenu kubwa na wengi huishia kwenye mstari wake wa kwanza unaotaja umri wa miaka 18. Ibara ndogo ya (3) inalielekeza Bunge kutunga sheria itakayoanzisha Daftari la Kudumu, itakayotaja sehemu na nyakati za kuandikisha na kupiga kura, na pia itakayoweka utaratibu wa kumwezesha mpiga kura aliyejiandikisha sehemu moja kupiga kura sehemu nyingine, pamoja na masharti yake. Kwa hiyo hamwombi fadhila, wala hamwombi Katiba ibadilishwe. Mnalikumbusha Bunge kazi ambayo Katiba yenyewe imelipa, na ambayo hadi leo imewanufaisha zaidi watu waliopangiwa kazi za uchaguzi siku hiyo kuliko mfanyakazi wa kawaida aliye mbali na kwao.

Kuhusu mlango wa kubisha, mifano ya Marekani isomwe kwa uangalifu. Jimbo la Michigan lilipata uandikishaji wa siku hiyohiyo ya uchaguzi mwaka 2018, na siku tisa za kura ya mapema mwaka 2022, kwa sababu katiba ya jimbo lile inawaruhusu wananchi kukusanya saini na kulipeleka pendekezo moja kwa moja kwenye sanduku la kura. Florida ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2018 kuwarudishia haki ya kura watu wengi waliomaliza vifungo vyao. Sisi hatuna mlango huo. Saini zetu, hata zikijaza lori, hazimlazimishi mtu yeyote kuitisha kura ya maoni, kwa hiyo nguvu ya kampeni haina budi kuelekezwa mahali pengine.

Mahali pa kwanza ni kamati ya Bunge. Miswada iliyozaa Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024 ilipelekwa bungeni Novemba 2023, kamati ikapokea maoni ya wananchi Dodoma Januari 2024, na Februari ikapitishwa. Huo ni muda mfupi mno kwa watu wanaoanza kujipanga baada ya kusikia tangazo redioni. Andaeni maneno ya kifungu mnachokitaka mapema, yaani kifungu kisomeke hivi badala ya vile, kwa sababu mjumbe wa kamati anaweza kuyachukua maneno yaliyokwisha kuandikwa, ilhali malalamiko ya jumla atayasikiliza na kuyaacha mezani.

Mahali pa pili ni mahakama. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilikiona kifungu kilichowanyima kura wafungwa wa zaidi ya miezi sita kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, na katika maandalizi ya uchaguzi wa 2025 Tume ya Uchaguzi iliweka vituo vya kuandikisha ndani ya magereza. Msisahau, hata hivyo, kwamba tangu marekebisho ya 2020 mlalamikaji wa haki za msingi anatakiwa kuonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Shauri lenu litahitaji mchuma chai mwenyewe aliyekosa kura. Chama kinachomsemea hakitatosha.

Karani Mstaafu, Makete

Nimekaa kwenye vituo vya kupigia kura huku milimani katika chaguzi mbalimbali, nami naomba nizungumzie utendaji, maana dai zuri likikosa namna ya kutekelezeka linampa mkubwa sababu ya kulikataa.

Ukiruhusu mtu apige kura popote alipo, kwanza atapata karatasi ya Rais peke yake, kwa kuwa mbunge na diwani ni wa mahali. Pili, kituo hufanya kazi kwa orodha iliyochapishwa yenye majina ya watu wa pale. Msimamizi hana njia ya kujua kama huyu aliyetoka Ludewa hajapiga kura kwao asubuhi, isipokuwa kwa kuangalia wino kidoleni. Tatu ni idadi ya karatasi. Namibia inawaruhusu watu kupiga kura nje ya maeneo yao, na katika uchaguzi wa Novemba 2024 baadhi ya vituo viliishiwa karatasi hadi muda ukaongezwa kwa siku kadhaa, jambo lililozua mashaka makubwa. Haina maana kwamba haiwezekani, bali inataka maandalizi ambayo sijayaona kwetu.

Kura ya posta tuiweke kando kabisa. Oregon inaipeleka karatasi hadi mlangoni kwa mpiga kura kwa sababu posta yao hufika mlangoni. Kwetu barua huishia kwenye sanduku mjini, na kijiji kizima huweza kutegemea sanduku moja la shule au la kanisa. Ni nani atakayeichukua bahasha hiyo, na itapita mikono ya nani kabla ya kumfikia mwenyewe? Nayo kura ya mapema ya Zanzibar, iliyopigwa siku moja kabla ya uchaguzi mwaka 2020 na tena 2025, ni ya watumishi wa uchaguzi na wa vyombo vya ulinzi, na wapinzani waliilalamikia tangu mwanzo. Atakayeidai huku bara aanze kwa kueleza masanduku yatalala wapi na mawakala wa vyama watalala wapi.

Ushauri wangu ni huu: daini uhamishaji wa taarifa uwe wazi mwaka mzima katika ofisi ya kila halmashauri, hadi muda mfupi kabla ya daftari la mwisho kuchapishwa. Sheria inaitaka Tume iboreshe daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na mara mbili katika miaka mitano hazimtoshi mtu anayefuata kazi za msimu. Mtu akihamishwa, jina linatoka kule na kuingia huku, haliwezi kuwa pande zote mbili, na anapata karatasi zote tatu. Tayari katika uboreshaji uliopita aliyekwisha kuandikishwa aliweza kuanza kubadili taarifa zake kwa simu kisha akakamilishia kituoni. Kinachokosekana ni kituo kilicho wazi siku ambayo mwajiri amempa ruhusa.

Nina jambo la pili ambalo linaniuma zaidi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulikuwa na orodha yake, iliyoandikwa Oktoba 11 hadi 20 chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, mbali na Daftari la Kudumu. Nimewaona wazee waliokuja na kadi zao za Tume wakiwa na uhakika kabisa, majina yao hayamo. Walirudi nyumbani wakidhani wameondolewa kwa makusudi. Daftari moja kwa chaguzi zote lingeondoa mkanganyiko huo, nami ningeliweka dai hili sambamba na lile la kwanza.

Na wakati mnasubiri sheria, waelezeni watu yaliyopo. Aliyepoteza kadi lakini jina lake limo daftarini aliruhusiwa mwaka 2020 na 2025 kutumia kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, na aliyekuwa kwenye foleni saa 10 jioni hana sababu ya kufukuzwa.

Mpakani Tunduma

Nimewasoma wote kwa heshima, nami nitasema kinachosemwa mezani kwetu. Ninafanya biashara hapa mpakani, ninakutana na madereva na mama lishe kila siku, na ninapowauliza kuhusu kura hawataji nauli wala daftari. Wanataja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata, intaneti ikiwa imezimwa na watu wakitafuta ndugu zao. Wanataja chama kikuu cha upinzani kilichozuiwa kushiriki baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili Aprili 2025. Kampeni inayowaambia watu kwamba kupiga kura kutakuwa rahisi, bila kusema neno juu ya hayo, itaonekana imetumwa.

Sipingi uhamishaji wa taarifa mwaka mzima. Ninachoomba ni kwamba madai yenu yaseme waziwazi kwamba urahisi wa kufika kituoni ni sehemu moja, na kwamba kura hiyo ihesabiwe mbele ya wakala wa kila anayegombea na iweze kuhojiwa mahakamani. Ibara ya 41(7) ya Katiba bado inakataza mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyetangazwa, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha ilikwisha kutamka mwaka 2020 kwamba katazo hilo linakiuka haki za binadamu. Mfanyakazi wa Mufindi ana haki ya kujua kura anayoisafiria italindwa na nani.

Mwana wa Mafinga

Shikamoo, mzee wa Makete, na asante sana. Asante pia, Wakili, na wewe dada wa Tunduma.

Dada, umesema kweli, na maneno yako yataingia kwenye utangulizi wa waraka wetu bila kupunguzwa makali. Hata hivyo, nadhani ombi lenyewe linapaswa kubaki na madai mawili tu, yaani uhamishaji wa taarifa ulio wazi mwaka mzima na daftari moja kwa chaguzi zote, kwa sababu yote mawili yanaweza kutimizwa bila kugusa Katiba na kwa hiyo hakuna atakayeweza kutuambia tusubiri Katiba mpya. Dai la ibara ya 41(7) linahitaji kubadili Katiba kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na tukilifunga pamoja na hili la daftari, mchuma chai atasubiri yote mawili. Nitalisaini popote litakapoletwa.

Tutaanza kwa kukusanya hati za kiapo za wafanyakazi waliokosa kura kwa sababu ya kuhama, kila moja ikieleza alikuwa ameandikishwa wapi, alihamia wapi na lini, na alijibiwa nini alipouliza. Hizo zitafaa mbele ya kamati, na zikikataliwa huko zitafaa mahakamani kama Wakili alivyoeleza. Kwa Mufindi tunajitosheleza. Tunahitaji mtu wa Rungwe au Busokelo anayewafahamu wachuma chai wa kule, mtu wa Mbarali anayewafahamu vibarua wa mashamba ya mpunga, na mtu wa Njombe, ambako mashine za kuandikisha kwa alama za vidole zilianzia mwaka 2015. Aliye tayari aandike hapa chini wilaya yake tu, kisha tutawasiliana faragha.