Sledi, makasia au baiskeli ya feni? Niko na 65,000 na muda ni mpaka Jumamosi

PumziFupi
Habari wadau. Zamu yangu ya chama imefika, niko na 65,000, na nikikaa nazo mpaka wiki ijayo zitapata kazi nyingine, najijua. Nataka kifaa cha kujenga pumzi. Vyuma vinapanda vizuri tu, pumzi ndiyo inaniangusha. Seti moja ya skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) ya marudio matano na nabaki nimekumbatia fremu kama mtu aliyekimbiza matatu kutoka Ronga mpaka Galleria.

Nimepata vitu vitatu. Mashine ya makasia, ile ya kukaa na kuvuta kama unapiga kasia, mtumba, 62,000. Baiskeli ya feni, ile ya kusukuma kwa mikono na miguu, mtumba pia, 48,000. Sledi ya kuchomelea, ile ya chuma ya kuburuta ama kusukuma chini, fundi amesema 9,500 bila vyuma vya kuweka juu. Nichukue ipi? Mwenye makasia anasema kuna mteja mwingine anakuja kuiona.

KochaEastlando
Uzito wako? Umri? Unanyanyua ngapi? Unashindana ama ni afya tu? Magoti? Presha? Unaishi chini ama ghorofani? Umeuliza ununue gari gani bila kusema kama unaenda Kitui ama unaenda kanisani hapo nyuma ya nyumba.

Na huyo "mteja mwingine" tunamjua. Yuko kwa kila tangazo Nairobi.

WaKisauni
Mie nakushauri ununue raba nzuri uende ukatembee Karura. Chenji tuletee siye.

DadaSkwoti
Baiskeli ya feni, bila kufikiria mara mbili. Mimi niko zaidi ya kilo 84, kwa hivyo najua mwili mkubwa unataka nini. Haigongi goti. Haitumii stima, na mnajua stima zetu. Halafu haina gia ya kudanganyana: ukisukuma polepole feni inakubembeleza, ukisukuma kwa hasira nayo inakujibu kwa hasira. Nilianza na sekunde kumi za nguvu, dakika moja na nusu ya kuzungusha polepole, mara sita. Wiki ya kwanza nilitamani kulia. Sasa napumzika dakika tatu na nusu kati ya seti za skwoti, zamani ilikuwa sita na bado natweta.

Ubaya wake ni kelele. Ni kama kuwasha posho mili chumbani.

PumziFupi
Pole, niliandika haraka. Kilo 127, miaka 34, Umoja. Skwoti kilo 220, benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala) 145, dedilifti (kuinua chuma kutoka chini) 250. Nataka kuingia mashindano mwaka ujao, sijaamua kama nishuke kwa kundi la kilo 120 ama nibaki kwa wale wa zaidi ya 120. Magoti yako sawa, la kushoto linalia kidogo asubuhi. Nakaa ghorofa ya tatu.

KochaEastlando
Ghorofa ya tatu na unauliza bei ya sledi. Utaivuta kwa korido kati ya viatu vya majirani?

Na hujajibu presha.

BongeLaDonholm
Nimeona neno makasia nikaja mbio. Sikieni yaliyonipata.

Mwaka juzi nilinunua moja ya mtumba kwa jamaa aliyesema anahamia Kanada. (Hawa wauzaji wote wanahamia Kanada.) Nikaikuta sebuleni kwake imepanguswa mpaka inang'aa. Nikakaa, nikavuta mara nne, feni ikavuma vizuri kabisa. Nikalipa palepale. Pikapu 2,000, vijana wawili wa kupandisha ngazi 500 kila mmoja.

Wiki ya kwanza, raha mustarehe. Ya pili kiti kikaanza kulia kwikwi kila nikirudi nyuma, nikatia grisi. Ya tatu kikawa kinakwama katikati ya reli, mahali palepale kila siku. Nikafikiri ni uchafu, nikapangusa na paraffini. Kumbe reli ilishaanza kushuka tumbo kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiinama uangalie kwa usawa wa jicho ungeiona, lakini nani anainama kuangalia kitu amelipia?

Alhamisi, saa kumi na moja asubuhi, nimeshapata moto, nasukuma kwa miguu yote miwili. Kiti kikaruka kwenye reli. Gurudumu moja la plastiki lilipasuka vipande viwili, kimoja nikakiokota baadaye jikoni. Mimi nikashuka kwa makalio, kilo 134, juu ya simenti, na mpini bado nimeushika, mnyororo unajirudisha ndani ukinivuta mbele kama mbuzi anayepelekwa machinjioni Kiamaiko. Jirani wa chini akapanda na panga, alidhani ni wezi wameangusha friji.

Nilikaa wiki mbili sikai. Naandika hivyo kwa maana yake kamili: nilikula nikiwa nimesimama, nilipanda matatu nikiwa nimesimama, kondakta akinipigia kelele. Dedilifti niliirudia baada ya miezi miwili, na nilianzia 100.

Nilipoigeuza ile mashine chini juu, nikaona kibandiko kimepakwa rangi nyeusi. Nikakikwangua kwa kisu cha jikoni. UZITO WA JUU KILO 110. Nikampigia jamaa, simu ikaita mara moja ikakatwa. Nadhani alishafika Kanada.

Kwa hivyo, PumziFupi, kilo 127: hiyo ya 62,000 ni ya kampuni gani? Umeona kibandiko?

WaKisauni
Nimecheka mpaka nimepaliwa na chai. Pole sana kaka, lakini hapo pa panga wallahi umeniua.

ChumaTupu
Mnamharibia jamaa wakati. Kadio, haya mazoezi ya pumzi, inakula nguvu. Mtu wa kilo 127 anataka skwoti 250, si kumaliza marathoni. Pumzi ni ya wakimbiaji wa Iten. Apunguze marudio, afanye matatu badala ya matano, apumzike dakika saba, shida imeisha. Eddie Hall, yule mnyanyuaji Mwingereza, hakuinua kilo 500 mwaka 2016 kwa kuendesha baiskeli.

KochaEastlando
Huyo Eddie Hall wako alikuwa muogeleaji wa mashindano akiwa kijana. Hakuanza na mapafu ya mtu anayechoka kwa kufunga kamba za viatu.

Hii ya "kadio inakula nguvu" ina mzizi wake, siikatai yote. Mwaka 1980 Mmarekani anayeitwa Robert Hickson alichukua watu akawafundisha wiki kumi. Waliochanganya vyuma na kadio nguvu zao zilipanda vizuri, zikaja kushuka wiki za mwisho. Lakini soma walifanya nini: vyuma siku tano kwa wiki na kadio kali siku sita, kwa wiki hiyohiyo. Nani hapa anafanya hivyo? Wewe, ChumaTupu, hata Jumatatu tu hatukuoni.

Mtu mzito anahitaji mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20 mpaka 30, mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Kwa miaka 34, kwa hesabu ya 220 toa umri, halafu asilimia 60 mpaka 70 ya hiyo, mapigo yawe kati ya 112 na 130 kwa dakika. Ukisikia yamepita hapo, punguza. Na usiiweke usiku wa kuamkia skwoti nzito. Ifanye baada ya vyuma, ama siku inayofuata. Pumzi ikikaa sawa, unafanya seti nyingi zaidi kwa saa ileile, na nguvu inatoka kwa kazi, haitoki kwa kukaa kwa benchi ukiangalia simu dakika saba.

ChumaTupu
Jumatatu ni siku ya kupumzika kwa programu yangu.

FundiKariobangi
Sledi msiitukane. Mimi nachomelea, na nanyanyua pia, kwa hivyo nasema kama fundi na kama mteja. Uzuri wake ni kwamba unasukuma ama unavuta tu, hakuna kushuka na uzito. Ile ya kushuka na uzito ndiyo inafanya kesho yake ushuke ngazi ukishika ukuta. Na sledi haina beringi, haina kibandiko, haina Kanada. Paipu ya mraba, unene milimita 3. Ukiona fundi anatoa ya 1.5 ondoka, itapinda. Pua ya miguu ipinde juu isichimbe mchanga. Mlingoti wa kati upimwe na vyuma vyako: kama ni vya tundu la milimita 50, peleka kimoja karakana, usimwambie fundi "ni vile vya kawaida". Kila mtu ana kawaida yake.

Usivute kwa lami. Lami inakula miguu ya sledi, kelele inaleta askari. Tafuta uwanja wa murramu ama nyasi, ongea na mlinzi vizuri, muachie sledi kwake na kitu kidogo cha chai. 9,500 ni bei ya haki kama rangi iko ndani.

DadaSkwoti
Yaani avushe sledi na vyuma vya kilo 80 barabara ya Umoja saa moja asubuhi, na matatu vile zinapanda kando ya barabara? Atafanya mara mbili, halafu itakuwa ya kuanika viatu.

MzeeMarikiti
Vijana mnanishangaza. Mimi nilisukuma mkokoteni kuanzia 2009 mpaka 2013, kutoka Marikiti kupanda Haile Selassie mpaka huko juu Community, magunia ya viazi. Sikulipa mtu shilingi, nililipwa. Hapo ndipo utajua pumzi ni nini. Mkipanda mko wawili, mmoja anavuta mmoja anasukuma, na mkisimama tu mmekwisha, mzigo unataka kurudi nao. Kushuka ndiyo hatari: nyuma kuna kipande cha tairi kuukuu, ukiinua mikono mkokoteni unalalia kile kipande, unaburuta, unapunguza mwendo. Nikisikia harufu ya mpira ukiungua hata leo, mapaja yanakumbuka.

Akodishe mkokoteni kwa siku, apakie vyuma vyake vyote, asukume mpaka Kangundo Road na arudi.

ChumaTupu
Na heshima zote mzee, wasukumaji mikokoteni wana stamina lakini si nguvu ya mashindano. Muweke kwa 200 kg uone.

MzeeMarikiti
Mimi niliwekwa. Nilienda jim ya mtaa mara ya kwanza nikavuta 180 na viatu vya kazi, nikaambiwa niache kujigamba. Wewe ulianza na ngapi?

WaKisauni
Mzee kamuweza. Kwetu Mombasa hamali wa Mwembe Tayari mtu anabeba gunia kichwani na bado anakusalimia vizuri. Halafu kuna jambo moja hamlitaji kwa sababu mmezaliwa nalo: huku Nairobi mko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mie nilipohamia hapa, seti niliyokuwa naimaliza Kisauni nikipiga soga, huku iliniweka chini nikaona nyota. Wiki tatu hivi ndio nikazoea. Kwa hivyo kijana asijilaumu mno akijilinganisha na video za watu wanaonyanyua ufukweni.

BongeLaDonholm
Lakini yeye amezaliwa huku huku. Hiyo haimsaidii.

WaKisauni
Nimesema asijilaumu, sikusema imsaidie.

KochaEastlando
PumziFupi, presha. Naona umeingia mtandaoni, usinyamaze.

PumziFupi
Sawa. Mara ya mwisho ilikuwa 158 kwa 100. Lakini yule muuguzi alitumia kile kitambaa cha kufunga mkono cha kawaida, kilikuwa kinafunguka kikipulizwa, akawa anakishika kwa kidole. Kwa hivyo sikuichukua kwa uzito.

DadaSkwoti
Hapo kuna ukweli nusu. Kitambaa kidogo kwa mkono mkubwa kinaongeza namba, na mkono wako lazima uwe mkubwa. Sema wazi unataka cha saizi kubwa, vipo. Ukae kimya dakika tano kwanza, miguu chini, usiongee. Lakini usitumie hiyo kama kichaka. Nenda wiki hii upimwe vizuri, kabla ya Jumamosi, kabla ya kununua chochote. Ukibana pumzi chini ya kilo 220 presha inaruka juu sana kwa zile sekunde, na wewe unaanzia juu tayari. Mke anasema unakoroma?

PumziFupi
Anasema nakoroma na katikati nanyamaza mpaka ananisukuma.

KochaEastlando
Mwambie daktari hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Shingo yako najua bila kupima imepita sentimita 43, na shingo nene huendana na huko kukoroma na kunyamaza. Hiyo ni habari ya daktari, si ya kifaa.

Kuhusu kifaa: kama ile makasia ni Concept2 halisi, kampuni yenyewe inasema inabeba mpaka kilo 227, na kwa 62,000 ningeuliza kwanza kama ni ya wizi. Kama si hiyo, rudi usome hadithi ya Bonge.

PumziFupi
Nimemuuliza jamaa kampuni. Amenijibu "ni ya Ujerumani, nzito sana". Nimeomba picha ya chini ya reli. Ameona ujumbe, hajajibu.

Presha naenda kesho kabla ya kazi. Baiskeli nitaenda kuiangalia Jumamosi ikiwa bado ipo, ingawa jirani wa chini ana mtoto mchanga na hiyo ya posho mili imenitia wasiwasi. Na hii ya mkokoteni, msinicheke, imeniingia. Mzee, wanakodisha kwa siku ngapi?

MzeeMarikiti
Siku moja moja. Fika mapema, saa kumi alfajiri, baadaye yote imetoka. Na uache kitambulisho.

ChumaTupu
Atakuja kutusimulia amegongwa na nduthi.

PumziFupi
Jamaa wa makasia ameandika ameshauza.

FundiKariobangi
@BongeLaDonholm hiyo reli iliyopinda bado uko nayo? Nanunua kwa kilo.